Mambo ya Kujua Kabla ya Kumhamisha Mama

Siakago,
9 Januari 2024

Kaberia,

Barua yako nimeipata. Salamu zako pia nimezipata, ingawa zilikuwa nusu mstari. Sisi ni wazima.

Unasema wewe na Ann mmeamua kumhamishia mama kisiwani. Mmeamua. Yaani mliketi huko, mkanywa chai ya maziwa ya unga, mkaamua. Nimelisoma hilo neno mara tatu nikitafuta mahali uliponiuliza mimi dada yako mkubwa, na sikupaona.

Kabla hujalalamika tena kwamba tunaandikiana kama watu wa zamani na simu ziko, nakukumbusha sababu. Baba alipofariki ulisema kwa simu kwamba utakuja. Tukasogeza mazishi siku mbili, watu wote wa kwetu Ruiri wakisubiri Kaberia wa Gitobu ashuke kwenye ndege. Baadaye ukasema hukusema utakuja, ulisema utajaribu. Ukatuma maua. Maua yalifika yamenyauka na ng'ombe wa jirani Kailemia akayala kabla ya jioni. Siku hiyo nikakufungia kwenye simu yangu. Ukiwa na neno na mimi, liandike, utie sahihi. Karatasi haikani.

Sasa tuje kwa hicho kisiwa chako, ambacho jina lake linanishinda kutamka na sitajaribu. Wewe ni mwalimu wa hisabati, basi tufanye hesabu. Mama ana miaka sabini na sita. Bahari hajaiona, na sijamsikia akiuliza iko wapi. Samaki hali, Mmeru wa rika lake ukimwekea samaki mezani umemtukana. Kiingereza hajui, hicho Kifaransa cha kuchanganya mnachozungumza huko hajui, na wewe mwenyewe unaondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Nieleze mama atakuwa akizungumza na nani mpaka jioni. Na mawimbi?

Hapa kwangu ana kila kitu. Ana chumba chake, ana redio, ana kuku. Tangu nilipomtoa Ruiri baada ya mazishi hajawahi kulala na njaa hata siku moja. Watoto wangu wako shule za bweni na chuo, huyo mume wangu Gichovi alishahamia Ishiara kwa yule mwanamke wa duka la vitambaa, kwa hiyo nyumba ni yetu wawili na hakuna mtu wa kutusumbua. Mama ametulia. Wewe unataka kumtoa kwenye utulivu umpeleke kwenye kipande cha ardhi ambacho maji bado hayajamaliza kukila.

Kuhamisha familia si kuhamisha kabati. Kama hujui uliza. Mimi nilishahamisha mtu, najua.

Dada yako,
Celina
(Nakala ya barua hii ninayo.)


Kisiwani,
27 Januari 2024

Dada Celina,

Nimesoma barua yako. Ann pia ameisoma, akaniuliza kama huko ofisini kwenu wakulima huwa wanajibiwa namna hiyo wakija kuuliza mbolea. Nikamwambia wao hujibiwa vibaya zaidi.

Inachekesha kuona mtu wa Siakago akidharau mahali pengine. Mji ambao mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuipiga picha! Mama alizaliwa kwenye baridi ya mlimani, akaishi Ruiri upepo ukimpiga miaka yote, wewe ukamshusha kwenye joto la kwenu Mbeere akae na kuku wako, halafu unaniuliza mimi kama najua kuhamisha mtu.

Watu wenye akili wanaotaka kuhamia kisiwani na familia huuliza maswali ya maana. Nitakujibu hata kama hukuyauliza. Nyumba: tuna vyumba viwili na veranda, sakafu ya vigae. Hospitali: dakika kumi kwa miguu. Shule: basi linachukua watoto mlangoni, na mdogo sasa anaota ndoto kwa lugha ya hapa. Sitakudanganya kwamba kila kitu ni asali. Kabichi inakuja na meli na bei yake ni ya kuitazama tu. Viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini ndani ya wiki moja. Msimu wa mvua nguo hazikauki, unavaa unyevu unaenda kazini. Mwaka wa kwanza meli ilichelewa, dukani hakukuwa na kitunguu hata kimoja, na Ann akalia jikoni, akisema analia kwa sababu ya vitunguu ambavyo havipo. Watu hapa wanakula popo. Ndiyo, popo, kwa mchuzi. Ukikaribishwa unasema una vidonda vya tumbo.

Lakini mtu huzoea. Mimi nimezoea, Ann amezoea, mama atazoea. Kuna mti wa matunda kila hatua, hakuna nyoka wa sumu, na hakuna mtu wa kumtuma mama afungulie kuku.

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa nne za mama, nimezikunja kando. Msomee zote, mwanzo hadi mwisho. Usiruke. Nakujua wewe.

Kaka yako,
Kaberia


Siakago,
13 Februari 2024

Kaberia,

Kurasa za mama nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa mapajani. Jibu lake ni hili, nimeliandika neno kwa neno: "Mwambie Kaberia samaki wakae na samaki wenzao. Mimi siendi popote. Niko sawa hapa kwa Celina." Kisha akaomba chai nyingine. Nadhani hiyo inatosha, lakini kwa kuwa wewe hata ukipewa jibu la hesabu unataka kuona njia, nitaendelea.

Jumamosi nilikuwa Embu, nikakutana na Muchangi, ndugu yake Ann. Mtu mwema, mdomo hauna kifuniko. Akanipongeza. Nikamuuliza kwa nini ananipongeza. Akasema kwa sababu nitakuwa shangazi tena mwezi wa tano.

Kurasa ulizoniandikia mimi nimezisoma zote, Kaberia. Kuna kabichi, kuna viatu, kuna popo. Mtoto hayumo. Uliandika mpaka habari za vigae ukasahau mtoto? Sasa naelewa. Huko kwenu mfanyakazi wa nyumbani hapatikani, Ann atarudi kazini, na mtu akakumbuka kwamba ana mama. Wewe hutaki mama. Unataka yaya asiyeomba likizo.

Halafu nikamuuliza mtu wa ofisi yetu ambaye dada yake alifanya kazi kisiwa hicho hicho. Mkataba wa mwalimu unaruhusu mke na watoto. Mama wa mwalimu anaingia kama mgeni, miezi mitatu, basi. Hilo pia hukuliandika. Miezi mitatu ikiisha mtoto atakuwa ameanza kushika shingo, na mama utamrudisha wapi? Utampa kadi ya shukrani?

Nashangaa sana. Baba alikuwa akisema wewe ndiye mwenye kichwa. Labda alikuwa anazungumzia ukubwa.

Celina
(Nakala ninayo.)


Kisiwani,
2 Machi 2024

Dada Celina,

Ndiyo, Ann ni mjamzito. Ndiyo, ni miezi mitatu, na inaweza kuongezwa mtu akiomba vizuri. Ndiyo, nataka mama amshike mjukuu wake. Tangu lini hilo likawa uhalifu? Bibi kumlea mjukuu kwenu Siakago ni kosa la polisi?

Nyani haoni kundule. Unasema nataka yaya. Wewe unaye mlinzi wa nyumba. Muchangi aliniambia alivyomkuta mama mlangoni saa kumi na moja jioni, ameketi kwenye kigoda, funguo ziko shingoni, anakungoja wewe utoke ofisini. Akamuuliza, "Mama, habari ya hapa?" Mama akamjibu, "Kuku ni wazima." Hiyo ndiyo habari yake ya siku nzima, dada. Gichovi alipoondoka ulibaki na nyumba tupu, ukaenda Ruiri ukaijaza. Usinifundishe mimi habari ya kutumia watu.

Na maneno ya samaki mama hakusema. Namjua mama yangu. Mama akikataa kitu hasemi mzaha, ananyamaza. Hayo ni yako, yana harufu ya ofisi.

Tiketi imekatwa. Safari ni Jumapili tarehe 24 Machi. Pasipoti anayo, ile mliyomchukulia kanisa liliposema litawapeleka Yerusalemu na halikuwapeleka hata Nakuru. Muchangi atakuja na gari kumchukua Jumatano tarehe 20 asubuhi. Mfungie nguo nyepesi. Masweta ayaache.

Kaberia


Siakago,
19 Machi 2024

Mwizi,

Hukungoja hata hiyo Jumatano yako.

Jana Jumatatu nilirudi kutoka kazini nikakuta lango limefungwa, funguo ziko chini ya jiwe. Nikaingia. Kitanda cha mama kimetandikwa, blanketi langu limekunjwa limewekwa juu ya kiti, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Kuku wamelishwa. Chai yangu iko kwenye chupa. Mama hayupo.

Nguo zake hazipo. Biblia haipo, pasipoti haipo, kibuyu chake cha mbegu za njahi, yale maharage yake meusi, hakipo. Jembe langu halipo. Jembe, Kaberia! Umemwambia mama yetu akalime nini huko, bahari? Mwanamke wa jirani alimwona asubuhi akielekea stendi peke yake, kikapu mgongoni, jembe begani, anatembea haraka. Kumbe Muchangi alikuwa anamngoja huko stendi kama mtu anayeiba mbuzi. Hata kuja mlangoni mliona haya.

Nimekufungulia kwenye simu baada ya miaka miwili. Nimekupigia mara kumi na moja. Kumbe na wewe ulinifungia! Muchangi naye namba yake sina. Basi nakuandikia, nitoe haya yaliyo kifuani nisije nikapasuka.

Hakuniaga. Hilo ndilo linaloniuma. Sijui umemwambia nini juu yangu mpaka mama aondoke nyumbani kwangu bila kuniaga. Nyumba iko kimya. Redio nimeiwasha nikaizima.

Akiugua huko, usiniandikie mimi.

Celina


Kisiwani,
21 Machi 2024

Dada,

Muchangi alifika kwako jana saa tatu asubuhi kama tulivyopanga. Alikuta kufuli. Aligonga, akaita, akazunguka nyuma, akakuta kuku. Alingoja mpaka saa saba. Majirani wakamwambia mama ameondoka na mizigo.

Umemficha. Sikutegemea ungefika huko. Nilidhani utapiga kelele, utaandika kurasa sita, utaweka nakala, kisha utamwacha aende. Kumbe umempakia mama wa miaka sabini na sita ukampeleka kwa watu, sijui wapi, ili mradi nisimpate. Kwa nani? Kwa Gichovi Ishiara? Ungeweza hata hilo.

Nilimwambia Ann kwamba upweke ndio umekufanya hivi. Ann akasema hapana, ulikuwa hivi hivi hata siku ya harusi yetu.

Mtoe mama ulikomweka. Mwambie nimemkatia kiti cha dirishani.

Kaberia


Ruiri,
25 Machi 2024

Kwa Celina na kwa Kaberia,

Anayeandika ni Kajuju, fundi wa nguo hapa Ruiri, binti wa Kailemia. Mama yenu amesema niandike barua mbili zinazofanana, moja Siakago na moja huko kisiwani, na niandike anavyosema bila kupamba. Anasema kwa Kimeru, mimi naweka Kiswahili kwa sababu Kimeru kuandika kinanishinda. Nilitaka kuwapigia simu tangu siku ile aliposhuka kwenye gari. Amenikataza. Amesema, "Hao wanapenda barua." Anaanza sasa.

Mimi Nkirote, mke wa Hezekiah Gitobu, niko nyumbani kwangu. Sijaibwa. Sijafichwa. Nimekuja kwa gari, nimeketi mbele, na dereva alinisalimia.

Celina. Ulinisomea barua ya ndugu yako ya kurasa nne. Kusoma sijui, lakini kuhesabu najua. Kurasa nne ukazimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikajiuliza, huyu mtoto ameanza lini kusoma haraka hivi? Kesho yake ulipoenda kazini nilifungua kabati yako, nikachukua zile karatasi na zile nakala zako ulizozipanga vizuri sana, nikazipeleka sokoni kwa msichana anayeuza muguka, yale majani ya kutafuna. Amesoma mpaka kidato cha nne. Nilimpelekea uji. Alisoma zote, wateja wakingoja. Alipofika mahali pa samaki aliacha kusoma akanitazama. Alinionea haya.

Mimi sijasema habari ya samaki. Samaki sijui hata anaitwaje akiwa mmoja na akiwa wengi. Umeniwekea maneno mdomoni kama mtoto anayelishwa, halafu ukaandika "neno kwa neno".

Kaberia. Kurasa zako nilizisikia zote. Umesema veranda. Umesema mti wa matunda. Umesema nitapumzika. Mtoto wa mwezi wa tano hukumtaja, nilimsikia kwenye nakala ya dada yako. Ungeniambia, "Mama, Ann anajifungua, njoo utusaidie," ningeuza mbuzi nije. Mwanamke akijifungua anaitiwa mama, hakuna aibu hapo. Lakini ulinificha mjukuu wangu ukanionyesha vigae. Ulifikiri mimi ni mtu wa kudanganywa kwa sakafu?

(Hapa amesema niandike kwamba hajalia.)

Mnauliza mtu ajue nini kabla ya kwenda kisiwani. Mnapelekeana makaratasi, huyu popo, huyu kabichi. Hakuna aliyeniuliza mimi, na mimi nimetoka kisiwani juzi. Miaka miwili. Baada ya mazishi, Celina, uliniambia ndani ya gari, "Mama, ni wiki mbili tu, upumzike." Nilibeba nguo tatu. Wiki mbili zikapita nikakuuliza, ukasema mvua. Mvua ikaisha nikakuuliza, ukasema kazi. Nikaacha kuuliza. Watu wa hapo Siakago ni watu wazuri, sina neno nao, lakini kwa miaka miwili hakuna aliyenipungia mkono njiani akasema "Muga!", salamu yetu, nikajua ni mimi. Nilikuwa Mama wa Karani. Nikiamka nafungua kuku, jioni nafungulia karani. Maji ya bahari sijayaona, lakini mahali ambapo mtu anawekwa na wengine na hawezi kutoka kwa miguu yake, najua panaitwaje.

Basi yule msichana aliponisomea na barua iliyofuata, nikajua Jumatano linakuja gari la kunihamisha tena, nilisema Jumatatu nitajihamisha. Mvua ilikuwa inakaribia. Huwezi kukaa kwa watu mvua ikinyesha na una shamba.

Nyumba niliikuta na kufuli lako, Celina. Kailemia, huyu baba wa huyu anayeandika, alikuwa ameweka viazi vya mbegu chumbani kwangu na ndama jikoni. Alisema ulimruhusu. Nilimwambia, "Gitobu hakukuruhusu, na mimi sikukuruhusu, na nyumba ni yetu sisi wawili." Ufunguo alikuwa nao, lakini kufuli tulilivunja. Viazi nilivitoa mwenyewe, nikavipanga langoni vizuri. Ndama alitoka baadaye, hakutaka. (Ni kweli yote. Baba yangu ameomba msamaha. Kajuju.)

Pasipoti nimeiweka ndani ya Biblia. Picha yake ni nzuri, ni picha pekee ambayo hakuna mtu aliniambia nicheke.

Sasa sikilizeni, maana sitawaandikia tena, Kajuju ana nguo za watu za kushona. Mimi si mbuzi wa kuvutwa na kamba mbili. Mmoja ananitaka kwa sababu mtoto analia, mwingine ananitaka kwa sababu nyumba imenyamaza. Nawaonea haya wote wawili. Niliwazaa mkiwa na akili, sijui mlipoteza wapi. Anayetaka kuja aje. Lakini hakuna mtu atakayekuja na gari langoni kwangu akaniambia ni wiki mbili.

Ann mpeni salamu. Mtoto akizaliwa niambieni ni nani.

Mimi mama yenu,
Nkirote
(Ameweka kidole gumba. Amesema kidole chake hakiwezi kuandikwa na mtu mwingine.)


Siakago,
15 Aprili 2024

Kaberia,

Barua yako ya tarehe 21 na barua ya mama zilifika siku moja. Karani wa posta alinipa zote mbili, na mimi, kwa hasira, nikafungua yako kwanza. Nikasoma kwamba Muchangi alikuta kufuli. Nikaelewa kwamba mama hayuko kwako, na kwangu hayuko, na siku kumi na tano nzima nimekuwa nikikutukana badala ya kumtafuta. Nilisimama kwenye ngazi za posta, nikaona mama yangu kwenye shimo, nikamwona kwenye mto, nikamwona hospitalini bila jina. Bahasha ya pili, ya mwandiko nisioujua, ilikuwa mkononi na sikuthubutu kuipasua. Mtu mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Dakika tano hizo sitazisahau, na natumaini ulipata zako. Kama hukuzipata basi hesabu haijawa sawa.

Unaweza kuwa umesoma barua yake ukasema, "Celina amepatikana." Ndiyo, nimepatikana. Niliruka kurasa tatu kati ya zile nne. Kama unataka kujua, niliruka kwa sababu kwenye ukurasa wa pili umemwandikia kwamba ukifunga macho bado unamsikia akikoroga uji, na nilijua akisikia hilo atakwenda. Wewe ni mjinga, lakini ukurasa huo uliuandika vizuri.

Jumamosi nilienda Ruiri. Nilinunua sukari, mkate, majani ya chai, na sweta, maana baridi ya huko umeisahau. Garini nilipanga maneno. Nilipanga hata pa kulia.

Lango lilikuwa wazi. Shamba limelimwa nusu, njahi zimeshachomoza, mistari imenyooka kuliko yangu ingekuwa. Jikoni kulikuwa na moshi. Nikazunguka nyuma moja kwa moja, kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikainama mlangoni, nikaita.

Mama akatoka. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. Alinipa mkono, akaufunga mlango wa jikoni nyuma yake, akasema, "Karibu, karibu. Pitia huku mbele." Akanipeleka nyumba kubwa. Akanikalisha kwenye kile kiti cha baba chenye kitambaa cha kufuma, kile ambacho wewe na mimi tulichapwa kwa kukikalia, ambacho alikuwa akikalia mchungaji akija. Akaleta chai kwenye kikombe chenye kisahani. Mkate wangu akaukata, akanipa mimi.

Akauliza, "Huko Siakago hamjambo? Kazi inaendelea vizuri? Watoto wako wamefunga shule?" Nikajibu. Alisikiliza, akaitikia kwa adabu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Nimekusamehe," na akaniongezea chai. Ni kweli amesamehe, nilimwona usoni. Hilo halikubadilisha kiti.

Nikainuka kuosha vikombe. Akasema, "Wacha, wacha. Utachafua nguo yako." Nikasema niende nimwangalizie moto. Akasema moto uko sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nikipuliza moto huo kila alfajiri kabla ya shule, Kaberia, wewe ukiwa bado umelala, na jana yake tu nilikuwa nikijiambia mama hawezi kuishi peke yake. Jikoni nilisikia watu wakicheka. Ni Kajuju na mama yake. Wao walikuwa jikoni.

Usikate tiketi nyingine. Wala usimtumie Muchangi. Habari za mtoto zikifika, mwandikie mwenyewe, kupitia kwa Kajuju, na uandike yote. Kisha ukipata likizo uje na Ann na watoto, na ukifika, usikimbilie nyuma kama nilivyofanya. Simama mbele uone atakupeleka wapi. Mimi sijui wewe utaketi wapi. Nakuambia tu mimi niliketishwa wapi.

Saa tisa akasema, "Usije ukachelewa gari." Akachukua shuka lake akanisindikiza. Tulienda polepole, akinionyesha alipopanda vitunguu. Langoni akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia nisalimie watu wa kwangu.

Kisha akasema, "Karibu tena."

Nimetoka kwenye lango lile kwenda shule, nimetoka kwenda kuolewa, nimetoka nikiwa nimekasirika mara zisizo na idadi, na hakuna siku mama aliwahi kuniambia karibu tena. Mtu wa nyumbani haambiwi.

Celina